Muziki wa Kompyuta Dukani kwa Laki Tatu na Nusu: Nilivyofunga, na Hela Niliyopoteza Kwanza



Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo tafuta sehemu ukae. Nataka nikueleze namna ya kufunga mfumo mdogo wa kusikilizia muziki kwa kutumia kompyuta, kwa bajeti ya mtu mwenye mtaji mdogo. Linamhusu anayeuza vifaa vya sauti mtandaoni kama mimi, na linamhusu pia mwenye duka la nguo au saluni anayetaka muziki msafi bila kumaliza mtaji. Naanza na hasara, maana bila hiyo hasara nisingejua chochote kati ya haya.

HASARA YENYEWE

Mimi nauza vifaa vya umeme vya mtumba hapa Morogoro: spika, amplifaya, laptopu, redio. Nina fremu ndogo, lakini wateja wangu wengi nawapata WhatsApp na Instagram. Mzigo nafuata Kariakoo. Ufundi sikusoma. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza na meza ya chaja na hedifoni, ndo nikafika hapa.

Mwaka jana dada mmoja mwenye saluni aliniambia anataka muziki, ila hataki sabufa la kuzibua masikio. Anataka kitu kidogo, kisafi, kikae juu ya rafu. Nikampangia seti: laptopu kuukuu, amplifaya ndogo, spika mbili za mtumba na nyaya zake. Mimi ilinigharimu 330,000. Nikamuuzia 450,000. Faida ya 120,000 nikaitupia kwenye kodi ya fremu siku ileile.

Siku ya tatu akapiga simu. "Dada, kitu chako kinalia."

"Kinaliaje?"

"Kinalia mmmmm, hata muziki nikisimamisha."

Nikamwambia labda waya umelegea. Akakaza, bado. Nikamwambia labda spika. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Kwani we mwenyewe ulishawahi kukisikiliza?"

Sikuwahi. Nilikuwa nimejaribu kila kifaa peke yake: laptopu inawaka, amplifaya inawaka, spika zinatoa sauti. Seti nzima ikiwa imefungwa pamoja sikuwahi kukaa nayo hata dakika kumi.

Akarudisha. Akaandika na kwenye grupu letu la kina mama wafanyabiashara kwamba nimemuuzia kitu kibovu. Nikamrudishia 450,000 yake yote, na kwa kuwa laki na ishirini ilishakwenda kwa mwenye fremu, hiyo nikaikopa kwenye kikoba.

Nikabeba seti mpaka kwa fundi mmoja mzee hapa mtaani. Akaiunganisha, ikavuma vilevile. Hakufungua hata skrubu moja. Akaniambia, "Mwanangu, chomoa chaja ya laptopu." Nikachomoa. Kimya. Nikachomeka. Mmmmm. Akacheka. "Hapa hakuna kibovu. Umerudisha hela ya kitu kizima."

Ndo maana nasema nilipoteza hela kwa kutojua. Kifaa hakikuwa na kosa. Mimi ndo sikuwa na jibu la kumpa mteja. Ile seti sikuiuza tena. Nimeifunga dukani, naisikiliza kila siku, na kila kitu ninachouza nakipima kwa hiyo kwanza. Sasa twende hatua kwa hatua.

1. UELEWE MNYORORO

Sauti inapita sehemu sita: faili la wimbo, kompyuta, kigeuzi sauti, amplifaya, spika, halafu chumba. Sehemu moja ikiwa mbovu, zote zinaonekana mbovu.

Kigeuzi sauti ni kile kinachobadilisha namba za kwenye kompyuta kuwa umeme wa sauti. Kwenye boksi utaona kimeandikwa DAC. Kila kompyuta na kila simu inacho ndani. Vinauzwa pia vya nje, vidogo kama kiberiti, vya kuchomeka kwenye USB.

Bajeti yangu ya mwisho ilikuwa hivi:

Laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka: 120,000
Spika mbili za mtumba: 90,000
Amplifaya ndogo, bila adapta: 60,000
Kigeuzi sauti cha USB: 35,000
Adapta ya volti 19: 15,000
Nyaya: 10,000
Kitenganishi cha kuondoa mvumo: 15,000
Jumla: 345,000

Hizo ni bei nilizopata mimi, kwako zinaweza kupanda au kushuka. Cha kuangalia ni mgao. Ukitoa laptopu, hela kubwa iko kwenye spika, na hapo ndo inapotakiwa kuwa. Tofauti ya spika nzuri na mbaya hata mtoto anaisikia. Tofauti ya kigeuzi cha elfu 35 na cha laki tatu, kwenye duka lenye kelele za bodaboda, wengi wetu hatutaisikia.

2. KOMPYUTA: USINUNUE UREMBO

Kucheza muziki ni kazi nyepesi sana kwa kompyuta. Mashine ya miaka kumi iliyopita inatosha. Mimi nilichukua laptopu ambayo kioo chake kimepasuka kona, kwa sababu hakuna anayeitaka na bei inashuka. Kama kioo kimekufa kabisa, unaichomeka kwenye tivi kwa waya wa HDMI siku ya kuipanga.

Kwa nini laptopu na sio kompyuta ya mezani? Betri. Umeme ukikatika, kompyuta haizimiki ghafla katikati ya kazi na kuharibu mafaili. Hata betri ikishika dakika ishirini tu, inatosha kuizima kistaarabu. Ukipata zile kompyuta ndogo za ofisini zinazolingana na kitabu kinene, nazo ni nzuri, ila hazina betri.

Mipangilio niliyofanya:

- Nilizima milio yote ya mfumo, ile ya "ting" kila ukibonyeza. Ikipita kwenye amplifaya inashtua wateja.
- Nilizima kila kitu kinachojiita kuboresha sauti, kuongeza besi, kuzungusha sauti. Anza na sauti ilivyo.
- Niliiambia isilale nikifunika kifuniko.
- Niliweka foobar2000, programu ya bure ya kucheza muziki kwenye Windows. Ni nyepesi na haina matangazo. VLC nayo ni ya bure na inacheza karibu kila aina ya faili.

Kama Windows imekuwa nzito kwenye mashine yako, kuna Linux Mint, nayo ni ya bure. Tafuta kijana anayejua akuwekee.

3. FAILI: MAZIWA YALIYOTIWA MAJI

Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Wanafunga spika nzuri halafu wanacheza wimbo uliopakuliwa sehemu isiyoeleweka, uliokamuliwa mpaka ukabaki mifupa.

Sauti ya CD inabeba kilobiti 1,411 kila sekunde. MP3 inapunguza kwa kutupa vile ambavyo sikio halivioni kirahisi. MP3 ya juu kabisa ni kilobiti 320. Zile ndogo tunazotumiana kwenye simu mara nyingi ni 128 au chini ya hapo. Tuchukue wimbo wa dakika 4:

Kwa kilobiti 128, ni MB 4 hivi.
Kwa kilobiti 320, ni MB 10 hivi.
Kwa FLAC, mara nyingi kati ya MB 20 na 30.
Kama ulivyo kwenye CD, MB 42 hivi.

FLAC inabana faili bila kutupa kitu. Ukilifungua, unapata kila kilichokuwemo. Na diski haitakushinda: ukiwa na nafasi ya GB 250, unaingiza zaidi ya nyimbo 8,000 za FLAC.

Kwa sikio la kawaida, MP3 ya 320 iliyotengenezwa vizuri inatosha kabisa. Usiumize kichwa hapo. Ila usidanganywe na mtu anayechukua faili la 128 akaligeuza kuwa FLAC akakuuzia "ubora wa juu". Maziwa yakishatiwa maji, hata ukiyahamishia kwenye chupa ya kioo hayarudi kuwa mazito.

Na hili tulijue mapema: kupiga muziki wa watu kwenye eneo la biashara kuna masuala ya hakimiliki. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na msimamizi ni Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Kabla hujafungulia spika kwa wateja, uliza utaratibu na ada ya aina ya biashara yako. Ni nafuu kuuliza kuliko kukutwa.

4. KIGEUZI: JARIBU KABLA YA KUNUNUA

Usikimbilie kununua. Chukua hedifoni, chomeka kwenye laptopu, fungua sauti juu bila kucheza wimbo wowote. Sogeza panya, fungua mafaili. Ukisikia ukimya, kigeuzi cha ndani kinakutosha, hiyo elfu 35 iongeze kwenye spika. Ukisikia mchanga, mlio, au vitu vinavyokwaruza kila ukisogeza panya, ndo ununue cha nje.

Yangu ilikwaruza, na tundu la hedifoni lilikuwa limelegea, nikanunua. Vigeuzi vingi vya USB vya bei ya kawaida havihitaji kuwekewa programu yoyote: unachomeka, kompyuta inakitambua, unakichagua kwenye mipangilio ya sauti. Baada ya hapo nikaweka sauti ya kompyuta karibu na juu kabisa, napunguza na kuongeza kwa kitasa cha amplifaya.

5. AMPLIFAYA: WATI ZA KWENYE BOKSI

Hapa sikiliza vizuri, hasa wewe unayeuza.

Ile kanuni ya fizikia, wati ni volti mara ampea, shuleni niliikariri ikapita. Nimekuja kuielewa dukani. Kuna amplifaya ndogo zimeandikwa "50W + 50W", halafu ndani ya boksi zimewekewa adapta ya volti 12, ampea 2. Piga hesabu: 12 mara 2 ni wati 24. Kifaa kinachokula wati 24 kitatoaje wati 100 mfululizo? Hakiwezi. Hakuna kuku anayekula kikombe kimoja cha pumba akataga trei.

Sio kwamba amplifaya ni feki. Nyingi zinatumia chipu inayoitwa TPA3116, na chipu hiyo ni nzuri kwa bei yake. Inapokea volti kuanzia 4.5 mpaka 26. Wati 50 kila upande inazitoa ikipewa volti zaidi ya 20 na spika za omu 4. Ukiilisha volti 12 na spika za omu 8, unapata kama wati 8 au 9 tu kila upande kabla sauti haijaanza kupasuka.

Nilichofanya: nilinunua amplifaya bila adapta, nikatafuta adapta ya laptopu kuukuu ya volti 19, ampea 4.74. Hiyo ni wati 90. Kwa spika zangu za omu 8 napata kama wati 20 kila upande, na kwa fremu yangu sijawahi kufika hata nusu ya kitasa. Zingatia: kabla hujachomeka, soma nyuma ya amplifaya yako inaruhusu volti ngapi. Ikiwa imeandikwa mwisho 12, usiipe 19, utaiunguza. Hakikisha na pini inaingia vizuri, na chanya na hasi vimekaa upande unaotakiwa.

Na yale masabufa yaliyoandikwa PMPO wati elfu kadhaa? Geuza nyuma, soma inakula wati ngapi kutoka ukutani. Hiyo ndo namba ya kumwambia mteja.

6. SPIKA ZA MTUMBA: VITU VITANO VYA KUKAGUA

Hapa ndo hela yako inapookolewa au kupotea. Mimi nikifika kwenye mzigo nafanya hivi:

Kwanza, naangalia ule ukingo laini unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji, naugusa kwa kidole. Ukimeguka kama keki, naacha au napunguza bei sana. Ukingo wa mpira unadumu zaidi.

Pili, naweka vidole kuzunguka koni, naisukuma ndani taratibu na kwa usawa. Ikikwaruza ndani, koili imeungua au imepinda. Naacha.

Tatu, napima kwa mita ya omu. Spika ya omu 8 mara nyingi inasoma 6 au 7 hivi. Ya omu 4 inasoma 3 na kitu. Isiposoma kabisa, waya umekatika ndani.

Nne, betri ndogo ya volti 1.5. Nagusisha chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi, mara moja tu, naachia. Koni ya besi inatakiwa kuruka nje. Ikirudi ndani, kuna mtu alishawahi kuifungua akageuza nyaya. Spika zote mbili zifanye sawa.

Tano, nacheza wimbo na kuweka sikio kwenye kale kaspika kadogo ka juu. Kamenyamaza? Hiyo spika itasikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Kitu kingine: spika hazilingani kwa kupaza sauti. Ukiona nyuma imeandikwa 86 dB na nyingine 89 dB, hiyo ya 89 ikipewa wati moja inatoa sauti ambayo ya 86 itaifikia kwa wati mbili. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Mwenye amplifaya ndogo atafute spika yenye namba kubwa hapo.

7. KUZIPANGA: HAPA NI BURE

Hii hatua haina shilingi hata moja, na kwangu ilibadilisha sauti kuliko kigeuzi.

- Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa. Zangu zimeachana mita moja na nusu, na mimi nakaa mita moja na nusu kutoka kila moja.
- Kale kaspika ka juu kawe usawa wa masikio. Mimi nimeinua kwa tofali mbili mbili, juu yake nimeweka vipande vya kandambili kuukuu ili spika isitetemeshe rafu.
- Usizibandike ukutani, na hasa usizisukumie kwenye kona. Ukuta unaongeza besi, kona inaongeza zaidi, mpaka maneno ya mwimbaji yanamezwa. Anza na sentimita 30, sogeza kidogokidogo huku unasikiliza.
- Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kwenye spika zote mbili. Ukigeuza moja, besi inapungua ghafla na sauti inakuwa kama haina makazi.

Kipimo changu ni dansi la zamani. Mimi ni wa Morogoro, kwa hiyo naanza na mtu wa kwetu, Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga gitaa na Morogoro Jazz, akaja kuanzisha Super Volcano, akafariki mwaka 1979. Nyimbo nyingi za dansi za enzi zile zilirekodiwa mono, yaani upande wa kulia na wa kushoto ni kitu kimoja. Ukicheza wimbo wa mono kwenye spika mbili zilizopangwa vizuri, mwimbaji anasimama katikati kabisa, pale ambapo hakuna spika. Akihamia upande mmoja, spika moja inapaza kuliko nyenzake, au wewe hujakaa katikati. Akiwa hana mahali, kama yuko kila sehemu, angalia nyaya zako nyekundu na nyeusi.

Jioni ya kwanza nilipopata hapo katikati, nilikuwa nimefunga duka nusu. Nyimbo zile nimezisikia tangu mdogo kwenye redio ya baba. Siku hiyo nilisikia gitaa la pili linalotembea chini ya lile linaloongoza, nikarudia wimbo mara tatu. Sikuwa najua kama lipo.

8. ULE MVUMO ULIONIPOTEZEA HELA

Sasa turudi kwenye mmmmm. Umeme wetu unacheza mara 50 kwa sekunde, na ule mvumo mzito mara nyingi ni huo umeme unaopenya kwenye njia ya sauti.

Kwa dada wa saluni ilikuwa hivi. Chaja ya laptopu ilikuwa ya pini tatu, na adapta ya amplifaya nayo ya pini tatu. Zote zina waya wa ethi. Halafu laptopu na amplifaya zimeunganishwa tena kwa waya wa sauti. Hapo umetengeneza duara: ethi kwenda laptopu, laptopu kwenda amplifaya kwa waya wa sauti, amplifaya kurudi kwenye ethi. Umeme mdogo unazunguka kwenye hilo duara, na amplifaya inaukuza kama vile ni muziki. Tena yeye alichomeka chaja kwenye soketi ya ukuta mmoja na adapta kwenye ukuta mwingine, duara likawa kubwa.

Namna ya kutafuta tatizo:

a) Simamisha muziki, chomoa chaja, laptopu itumie betri. Mvumo ukiisha, ni duara la ethi. Vifaa ni vizima.
b) Mvumo ukibaki, chomoa waya wa sauti kwenye amplifaya. Ukiisha, angalia waya wenyewe au kigeuzi.
c) Ukibaki hata bila waya wa sauti, basi tatizo ni amplifaya au adapta yake.

Kama ni duara la ethi, kwanza chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi mvumo unapungua, wakati mwingine unaisha. Ukibaki, weka kitenganishi cha sauti kwenye zile pini nyekundu na nyeupe kati ya kompyuta na amplifaya. Ni kiboksi kidogo chenye transfoma ndani. Sauti inapita, duara linakatika. Mimi changu cha elfu 15 kilimaliza kabisa.

USIKATE PINI YA ETHI. Kuna mafundi watakushauri uikate au uipachike kijiti, na kweli mvumo utaisha. Lakini hiyo ethi ndo inayokulinda siku umeme ukivuja kwenye chuma. Kwenye saluni ambako mikono ina maji, usimfanyie mteja hivyo kwa sababu ya elfu 15.

9. KWA SISI TUNAOUZA MTANDAONI

Baada ya yote haya nimebadilisha namna ninavyouza.

Kwanza, sitoi seti ambayo haijacheza dukani kwangu saa moja ikiwa imefungwa kamili, chaja imechomekwa, kama mteja atakavyoitumia.

Pili, siandiki "sauti ya hatari" wala "moto wa kuotea mbali". Naandika: spika za omu 8, ukingo wa mpira, mkwaruzo upande wa kushoto wa boksi, amplifaya inatumia adapta ya volti 19, kwa chumba cha kawaida sio cha ukumbi. Wanaouliza ni wachache kuliko zamani, lakini wanaouliza wananunua.

Tatu, video. Mteja akisikiliza spika kwenye video yako, anasikia maikrofoni ya simu yako na spika ya simu yake. Spika unayouza hajaisikia. Kwa hiyo situmii video kuthibitisha utamu wa sauti. Naitumia kuthibitisha uzima: naonyesha koni, ukingo, mita ikisoma, betri ikirusha koni, na amplifaya ikiwa kimya muziki ukisimama. Na ukiweka wimbo wa watu maarufu, mtandao unaweza kuizima sauti yote, ukabaki unaonyesha spika bubu.

Nne, kila mzigo unaotoka unaenda na karatasi moja ya mkono: nyekundu kwa nyekundu, vyote kwenye ekstensheni moja, ikivuma chomoa chaja kwanza halafu nipigie. Tangu nianze kuiweka, wateja wawili wamenipigia kuhusu mvumo. Wote tulimaliza kwenye simu. Hakuna aliyerudisha.

Hata kama we unauza mikoba au vipodozi, jiulize lile swali la dada wa saluni. Ulishawahi kukibeba huo mkoba sokoni ukiwa umejaa? Ulishawahi kuyapaka hayo mafuta wiki nzima?

Yule dada nilimwandikia baada ya fundi kunionyesha tatizo. Nilimweleza ukweli: kitu kilikuwa kizima, kosa ni langu kwa kutokijua, na kama bado anataka muziki nitakuja kufunga mwenyewe bila gharama ya ufundi. Alijibu "Sawa dada, nimekuelewa." Hajanunua mpaka leo, na lile andiko la kwenye grupu hajalifuta. Simlaumu. Deni la kikoba nimelimaliza mwezi wa nne.

Kama unafunga seti yako na umekwama, andika una kompyuta gani, amplifaya gani, adapta ya volti na ampea ngapi, na spika za omu ngapi. Ukiandika tu "sauti mbaya, nisaidie", sitaweza. Wiki ijayo nitaelekeza namna ya kufunga spika kwenye boksi zisipasuke njiani zikisafirishwa kwa basi.

Biashara njema.